Karatasi ya Mkopo na Vitumbua vya Gavana

Kama nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), tena kafaulu vizuri, wewe ni ndugu yangu katika mateso na nitakueleza yote bila kuficha. Mtoto akifeli, watu wanakuja kukupa pole, wanakunywa chai, wanaondoka. Akifaulu, wanakuja kukupa hongera na hawaondoki, kila mmoja na kozi yake mfukoni.

Binti yetu mkubwa tunamwita Spika. Jina alilipata shule ya msingi, alipoanza kutugawia zamu za kuzungumza wakati wa kula. Mdogo wake akidakia, anaamriwa akae chini na huku keshakaa. Alirudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kakonda, sauti imepanda, na jioni ile ile akatutangazia kwamba anataka kusoma sayansi ya siasa na utawala wa umma pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mimi sikushangaa. Mama yake alishangaa kwa sauti, mpaka mwenye duka la ng'ambo akaja kuuliza kama tumefiwa.

Mama yake ndiye Hazina. Anashika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na hapa Tabata anashika mahesabu yetu. Nikinunua vocha ya elfu moja, iko kwenye daftari lake kabla sijaikwangua. Yeye alikuwa amepanga Spika awe mwalimu au mhasibu, kazi ambazo mtu akiulizwa kanisani mwanao anafanya nini, jibu linaisha kwa neno moja. "Sayansi ya siasa," alikuwa anasema huku anachambua mchele, "ukimaliza unaitwa nani, mama? Unaitwa nani?"

Upande wa pili yuko mama yangu mzazi, ambaye wajukuu wanamwita Gavana. Kila alfajiri anakaanga vitumbua getini, na fedha zake zinakaa kwenye pindo la kanga. Kiasi kilichomo hakijulikani. Hazina amejaribu kukikisia kwa miaka mingi kwa kufuata bei ya mchele na mafuta, lakini makisio yake hayafiki popote. Miaka yote ya ndoa yangu nimeishi kati ya wanawake hawa wawili, na nimejifunza kunyamaza nikiwa katikati.

Halafu kuna Babu Azimio, kaka yake Gavana. Alikuja Dar kutibiwa macho. Macho yalipona zamani, kitanda bado anacho. Na kuna kitinda mimba wetu, Mkaguzi, ambaye amejua kusoma mwaka huu na sasa hakuna karatasi inayopita nyumba hii bila yeye kuisoma kwa sauti mbele za watu, ikiwemo risiti ya dawa zangu za tumbo.

Kikao cha kozi ya Spika kiliitishwa na Hazina, baada ya chakula cha jioni, mwisho wa mwezi. Aliuchagua mwisho wa mwezi kwa makusudi. Siku hizo mdogo wake wa kiume huwa anakuja kutoka bara, naye ndiye alikuwa shahidi wake mkuu. Huyu tunamwita Mjumbe. Ana shahada hiyo hiyo anayoitaka Spika, na sasa ni mtendaji wa kata. Hazina alimwambia aje na slipu yake ya mshahara.

Lakini katika nyumba hii huwezi kuanza na slipu. Spika alifungua kikao kwa hotuba. Alisema Yoweri Museveni alisoma mambo haya haya hapa hapa Mlimani na kumaliza 1970. Alisema Profesa Rwekaza Mukandala, mtaalamu wa sayansi ya siasa, ameongoza chuo kizima akiwa Makamu Mkuu. Alisema Dokta Bashiru Ally alitoka kufundisha siasa darasani akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018, na 2021 akateuliwa Katibu Mkuu Kiongozi. Gavana alipiga makofi. Hazina akauliza swali moja, na sina budi kukiri lilikuwa swali zuri: "Hao watatu. Kati ya wangapi?"

Spika akatafuta maji ya kunywa. Hapo Babu Azimio akaona nafasi.

Babu, pesa na elimu vikitajwa pamoja, lazima atupeleke mwaka 1966. Alikuwa kijana anayeosha vikombe kwenye hoteli moja ya Kariakoo. Oktoba ya mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kupelekwa kwa lazima Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha. Babu anaisimulia habari hii amesimama, na akifika kwenye ile asilimia 20 anagonga meza, safari hii aligonga bakuli la mchuzi wa dagaa, likamwagikia suruali ya Mjumbe, tukapumzika kidogo wakati Hazina anatafuta ndimu na sabuni.

Habari hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nyimbo za Krismasi, lakini usiku ule, nikiwa nimeshika kitambaa, niliisikia vingine. Wale vijana wa 1966 walikuwa wanagombana na serikali juu ya mshahara ambao tayari ulikuwa unawasubiri. Nchi ilikuwa changa, wasomi wachache, na kijana akimaliza chuo ofisi ilikuwa imeshamwandalia kiti. Ubishi ulikuwa ni alipwe ngapi. Spika wangu anaingia chuoni katika nchi ambayo karo ilianza kuchangiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikopo ya wanafunzi ikaanza 1994, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Yeye atatoka na deni mkononi, na mshahara atautafuta mwenyewe.

Basi Hazina akachana karatasi ya katikati ya daftari, ile ya kurasa mbili, akaanza kupiga hesabu, nasi tukamzunguka. Ada milioni 1 kwa mwaka, miaka 3, milioni 3. Bumu, yaani fedha ya kula na kulala, elfu 10 kwa siku; tukakadiria siku 240 kwa mwaka, ikawa milioni 2 na laki 4, mara 3, milioni 7 na laki 2. Vitabu laki 2 kwa mwaka, laki 6. Mafunzo kwa vitendo, siku 56 kwa elfu 10, laki 5 na elfu 60. Jumla ikasimama kwenye 11,360,000. Hazina akaizungushia duara mara mbili kwa kalamu nyekundu. Gavana akauliza hivyo ni vitumbua vingapi, Mkaguzi akaanza kugawanya kwa 200, bei ya kitumbua kimoja, na hatukumwona tena mpaka mwisho wa kikao.

Hapo ndipo Mjumbe, amevaa msuli wangu maana suruali iko kwenye beseni, alipotakiwa aweke slipu mezani. Kwa heshima yake sitaandika mshahara wake. Tulichukua mfano wa laki 8, uwe mshahara wa kijana mwenye shahada anayeanza kazi serikalini, na Mjumbe akatufundisha jinsi unavyoyeyuka. Mfuko wa pensheni asilimia 5, elfu 40. Kodi ya mapato, ikishatolewa hiyo pensheni, elfu 68. Bima ya afya asilimia 3, elfu 24. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, elfu 16. Na Bodi asilimia 15, laki 1 na elfu 20, ambayo ni kubwa kuliko kodi na pensheni zikiwekwa pamoja. Kinachofika mkononi ni laki 5 na elfu 32.

Hazina aligawanya deni kwa laki 1 na elfu 20. Miezi 95. Miaka minane kasoro mwezi mmoja. Aliweka kalamu chini na kumtazama mwanawe kwa huruma kabisa, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Lakini Mjumbe alimharibia. Mtu uliyemleta mwenyewe awe shahidi ndiye hatari. Akasema: "Dada, hiyo miaka minane ni raha. Ungeona yetu." Yeye alianza kulipa makato yakiwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa 2016, yakawa 15. Na juu ya deni ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani. Kwa deni kama hili letu, asilimia 6 ni laki 6 na elfu 81 na mia 6, karibu nusu ya makato yote ya mwaka mzima. Unalipa, na deni linakutazama tu. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia alipotangaza kuifuta tozo hiyo, Mjumbe alimpigia dada yake simu akashindwa kuongea. Hazina anakumbuka, alidhani kuna ajali. Leo deni linapungua kila unapolikata, na aliyemaliza chuo anapewa miezi 24 kabla ya kuanza kudaiwa. "Deni la sasa lina mwisho," Mjumbe akasema. "Mimi ningekopa tena."

Kikao kikavunjika bila azimio, jambo lililomuudhi Babu Azimio kuliko wote.

Sasa msomaji, kama unakaa na mfanyabiashara wa vitumbua, unajua kwamba karatasi ndani ya nyumba hiyo haina usalama. Gavana hufungia vitumbua karatasi yoyote iliyokwisha kuandikwa, kwa sababu kwake karatasi ikishaandikwa imemaliza kazi. Madaftari ya Spika ya kidato cha tano yamefungia vitumbua vya mtaa mzima. Watu wamefungua vitumbua wakakuta Vita vya Majimaji. Asubuhi baada ya kikao, Hazina alitafuta hesabu yake mezani, hakuiona. Akatafuta chini ya mto, kwenye Biblia, kwenye mfuko wa shati langu. Getini, Gavana alikuwa ameshauza beseni zima na anahesabu chenji.

Hazina hakusema neno. Alikwenda kazini bila chai, na mimi nilibaki na mama yangu, nikiwa katikati, nimenyamaza.

Karatasi ilirudi jioni, na aliyeirudisha ni kijana wa bodaboda anayeegesha kituoni pale kwetu. Wenzake wanamwita Digrii, kwa sababu anayo, ya sosholojia. Alipiga hodi, akasimama mlangoni ameshika kofia ngumu kwapani na karatasi yetu kwa ncha za vidole. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka unaona kidole chake upande wa pili, na wino mwekundu wa lile duara ulikuwa umetanuka ukawa rangi ya waridi. Chini ya maandishi ya Hazina kulikuwa na mistari mipya kwa kalamu ya bluu.

"Shikamoo mama," akamwambia Hazina. "Nimekuta hesabu kwenye vitumbua. Ni nzuri sana, ila imekosa mstari mmoja, nikaona nisiitupe."

Hazina hapendi kusahihishwa mahesabu. Lakini kijana alikuwa na adabu, akakaribishwa ndani, akakaa kwenye sofa kubwa, upande wa kushoto ulipobonyea. Akaeleza. Mmepiga hesabu ya deni na ya mshahara, alisema, lakini mmeviunganisha kana kwamba mtu anatoka chuoni Ijumaa na kuanza kazi Jumatatu. Hamkuandika kusubiri. Mwaka mmoja bila ile laki 5 na elfu 32 ni milioni 6, laki 3 na elfu 84 ambazo hukuzipata. Miaka miwili ni 12,768,000. Akaigonga hiyo namba kwa kidole chenye grisi. "Mama, miaka miwili ya kusubiri inazidi mkopo wote wa miaka mitatu. Mtaani tunaogopa Bodi, na Bodi inakata tu pale penye mshahara. Cha kuogopa ni pale pasipo na kitu cha kukatwa."

Sote tuligeuka kutazama sofa. Maana lile bonde alilokalia Digrii alilichimba Mjumbe. Alipomaliza chuo alikuja kwetu kwa wiki mbili, akakaa miaka. Alikuwa anajaza maombi ya kazi usiku, asubuhi anapasi shati lile lile, anapanda basi kwenda Dodoma kwenye usaili, ambako anakuta ukumbi umejaa wenzake wenye vyeti kama vyake, anarudi, anakaa pale pale. Hazina alimlisha miaka yote hiyo na hakuandika hata siku moja kwenye daftari lake. Nadhani ndiyo maana mstari ule ulikosekana. Alikaa kimya, akapitisha mkono juu ya kitambaa cha sofa.

Nami nikapata la kusema, na nalisema hapa kwa sababu naliamini. Kozi hii ina heshima na nchi inaihitaji. Mjumbe katika kata yake anahangaika ili vijiji viitishe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Yuko bibi mmoja huko anayesimama kila mkutano kuuliza fedha za kisima, na Mjumbe anamjibu kwa namba, amesimama, kwa heshima. Kazi hiyo inataka mtu aliyefundishwa dola ni nini na inawajibika kwa nani. Mimi nataka mwanangu awe mmoja wao. Ila wanaohitimu sayansi ya siasa ni wengi kuliko viti vya mtendaji wa kata, afisa tarafa na afisa wa mambo ya nje, na mzazi anayetazama jumla ya mkopo peke yake anatazama namba ndogo kati ya mbili. Namba kubwa ni ile ya kwenye kalamu ya bluu, na hiyo inaweza kupunguzwa mtoto akiwa bado chuoni.

Digrii alikuwa na mengi juu ya hilo. Alimwambia Spika mafunzo kwa vitendo akayafanye halmashauri, idara ya mipango, sio kwa mjomba ambako atasaini daftari na kurudi kulala. Ajifunze takwimu mpaka asiogope jedwali. Ajue kuandika ripoti na kutafsiri, kwa Kiingereza na Kiswahili, maana mashirika yanalipia. Aanze kutafuta mwaka wa tatu, asisubiri joho. "Mimi nilisubiri joho," alisema, bila kinyongo. Na bodaboda, akaongeza, inamlisha mkewe na mtoto, ila mtu aliyejiajiri naye anadaiwa, na kima cha chini ni laki 1 kwa mwezi.

Hazina alimwongezea wali.

Zilizobaki zilikuwa fujo za kawaida. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na cha Spika kilikuwa na herufi moja zaidi kwenye jina langu. Inataka saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa, ambaye alikuwa harusini Kibaha. Inataka muhuri wa wakili na picha ya mdhamini. Picha zangu za pasipoti Mkaguzi alikuwa amezibandika kwenye ubao wa kuchezea, kila nyumba na mwenyewe. Tuliambiwa steshenari kwamba kwa mpangilio wa miongozo ya mikopo, ualimu wa sayansi, tiba na uhandisi viko mbele na sayansi ya jamii iko kundi la mwisho, kwa hiyo tusitegemee asilimia mia. Hazina alishaliona hilo. Alikuwa amefungua ukurasa mpya kwenye daftari, kichwa chake "Pengo", na chini yake ameandika majina yetu wote, Babu Azimio akiwemo, kila mmoja na kiasi chake kwa mwezi. Babu alidai hana kipato. Hazina akamwonyesha kwamba anao, ni ile fedha ya soda.

Ilipofika nafasi ya mdhamini, mimi nilikuwa bado natafuta picha isiyo na gundi. Niliporudi sebuleni Hazina alikuwa ameshajaza jina lake, amesaini, na anapuliza wino ukauke. Mwanamke aliyeuliza mtaa mzima usikie unaitwa nani. Spika alitaka kumkumbatia, akaambiwa asimvurugie fomu.

Ikabaki ada ya maombi, elfu 30, ambayo hairudishwi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umepita siku nyingi. Nilimtazama Hazina, Hazina akanitazama, kisha sote tukageukia getini. Gavana aliingia akinawa unga mikononi, akakaa, akafungua pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza tangu nioe, Hazina aliona ndani. Alihesabu elfu 30 kwa noti za elfu mbili mbili na sarafu, polepole, akazisogeza hadi mbele ya mjukuu wake. Akasema ni mkopo, hauna riba, na atakatwa kwenye bumu la kwanza. Babu Azimio akataka iandikwe.

Spika akachukua daftari la mama yake, akafungua ukurasa mpya wa madeni yake mwenyewe, akaandika "Bibi, 30,000" kwenye mstari wa kwanza, na "Bodi" kwenye wa pili. Gavana aliiomba ile karatasi asome, na Hazina, kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, hii utasomewa."